Moto wa Nyumba ya Wageni

Wiki iliyopita nilirudi hapa Ilford, London, kutoka Japani, na hadi leo sijapata namna ya kukueleza nilichokikuta. Mama ndiye aliyenituma, maana miguu yake haimbebi tena. "Kamsalimie jirani yangu," alisema, "kama bado yupo."

Nilikuwa mdogo baba alipopata nafasi ya kusomea misitu kule. Tulipanga chumba nyuma ya nyumba ya wageni, kwenye kimji cha mlimani kando ya barabara ya kale, ambayo zamani wasafiri waliipita kwa miguu na farasi. Mwenye nyumba, huyo jirani wa mama, alikuwa mjane. Asubuhi aliniita tumwagie maji mawe ya barabarani, vumbi litulie. Jioni alichoma wali uliopondwa, akaupaka mchuzi wa soya na kokwa za jozi zilizotwangwa, kwenye moto uliowaka katikati ya sakafu. Nguo zetu zote zilinuka moshi. Yeye na mama hawakuwa na lugha moja, lakini walikaa wakipasua jozi, kila mmoja akisimulia kwa lugha yake, wakicheka hadi machozi. London sijamwona mama akicheka vile.

Mji umetunzwa, rafiki yangu. Nyumba zilezile nyeusi za mbao, mawe yaleyale, hata nyaya za umeme wamezificha. Ila nyuma ya milango mingi hamna mtu. Nyumba yetu imekuwa ya maonyesho, na chumba chetu kimezungushiwa kamba.

"Nililala humu," nikamwambia binti wa zamu kwa Kijapani changu kilichochakaa. Akainamisha kichwa kwa adabu. Nikamuuliza mwenye nyumba yuko wapi.

"Alihamia jijini kwa mwanawe," akanijibu polepole ili nielewe. "Amefariki."

Nilipofika nyumbani, mama hakungoja hata nivue koti.

"Umemkuta?"

"Amefariki, mama."

"Na moto wake?"

"Wanauwasha kila siku. Moshi unazuia wadudu wasile mbao."

"Nani anapika?"

"Hapiki mtu."

Mwanangu akauliza kwa Kiingereza ni nani aliyekufa. Jina lake sikuwahi kulijua. Sisi tulimwita jirani tu. Mbao wamezihifadhi hadi ubao wa mwisho, lakini vile vicheko vya jioni, mama naye akiondoka, nitabaki navyo peke yangu.

Mama akaomba nimpeleke kitandani. Nje jua lilikuwa bado linawaka.