Siku Niliyomzika Rahma kwa Tiki Moja

Kuna baraza moja Jang'ombe ambayo mpaka leo naizunguka kwa nyuma kuikwepa, kwa sababu wazee wanaokaa pale wakiniona tu mmoja wao huuliza kwa sauti, "Zuhura, leo unamzika nani?" na wenziwe hucheka mpaka kofia zinawaanguka, nami naongeza mwendo, maana nilimzika kweli, nilimzika rafiki yangu mzima wa afya, mchana kweupe, na sababu yenyewe (naona haya kuiandika lakini nshaanza) ilikuwa wivu.

Mimi na Rahma tumejuana tangu chuoni tulipokuwa tukisoma Kurani, mkeka mmoja, bakora moja. Mwaka ule sote wawili tulikuwa tukijitolea kwenye jumuiya ya kina mama wanaolima mwani, ofisi yake chumba kimoja ghorofani Mkunazini, na ngazi zake ukipanda lazima uinue buibui kwa mikono miwili. Jumuiya ilikuwa na programu ya kompyuta ya kuwekea majina ya wanachama, simu zao, mitaa yao, nani kahudhuria mkutano, nani mgonjwa, na katibu wetu, Maalim Suleiman, alikuwa akitusomesha tupate kufanya mtihani wa cheti cha ushauri wa programu za namna hiyo, yaani ukifaulu jumuiya na taasisi zisizo za biashara zinakuita uzitengenezee programu zao. Mie nilishajiona! Kitambulisho shingoni, watu wa Kiwengwa wamesimama mlangoni wanasema "mshauri kafika", mie niliemaliza kidato cha nne na cheti ambacho mama mpaka leo hajakitia kwenye fremu.

Balaa ni kwamba nafasi ya mtihani ilikuwa moja. Mfadhili anaelipia mtihani kasema mmoja, basi mmoja, na Maalim akasema Alkhamisi kila mtu aje aoneshe kazi yake, kisha ataamua.

Na huyo mwenzangu sasa! Rahma ana daftari la kalamu za rangi nne, Rahma kasoma kompyuta baada ya skuli, Rahma anaingia ofisini ananukia udi kama anakwenda harusini, Rahma akijibu swali Maalim anasema "Mashaallah", mie nikijibu anasema "Karibu na hapo." Siku moja nilimchukulia Maalim urojo kutoka Darajani, nimeubeba kwa tahadhari kama mtoto mchanga, akala, akapangusa mdomo, akasema, "Mwambie Rahma ahsante." (Nililia chooni. Si sana, lakini nililia.)

Wiki moja kabla ya Alkhamisi hiyo Rahma akaja na jambo jipya. Ukimtilia mwanachama tiki kwenye kisanduku cha "Amefariki", ukajaza na saa ya maziko, programu yenyewe inaandika tangazo la msiba na kuwapelekea wanachama wote kwenye simu.

"Maziko yetu hayangoji, Maalim," alisema. "Mtu anakufa alfajiri, adhuhuri keshazikwa, wenzetu wa Jambiani wanakuja kupata habari siku ya hitma."

Maalim akavua miwani. "Mashaallah. Mashaallah, mwanangu. Mashaallah."

Mie nilikuwa nikizihesabu hizo mashaallah, kwa hiyo sikusikia Rahma aliposema kwamba jambo hilo keshaliweka kwenye programu ya kweli na linafanya kazi. Nisichokisikia siku ile ndicho kilichonila.

Sasa, programu yetu ilikuwa na nakala mbili, moja ya kweli na moja ya mazoezi. Ile ya mazoezi ina utepe wa manjano juu ya kioo, humo unaweza kufuta, kuua, kufufua, hakuna anaedhurika, na Maalim alituimbia kila siku, "Kabla hujagusa kitu, tazama juu. Huoni manjano, toa mkono." Jumatano, siku moja kabla ya kuoneshana kazi, nikaenda ofisini peke yangu kujinoa, kufika paswedi ya mazoezi imebadilishwa, na anaeijua ni Rahma, ndie alieibadilisha. Kumpigia simu Rahma ni dakika moja. Lakini nikampigie nimwambie nini, "Shoga, nnaomba paswedi nijifunze kukushinda"? Nikaona bora nife. Na kwenye kompyuta ya ofisi ile programu ya kweli ilikuwa iko wazi tu, Maalim kaiacha alipotoka, nikajiambia ntafanya kidogo, kisha ntarejesha kama kulivyokuwa, nani atajua?

Zoezi la siku hiyo kwenye kitabu lilikuwa mwanachama aliefariki. Nikahitaji jina. Wanachama wote wale, kina Bi Mwanajuma, kina Bi Kazija, watu wazima waliochoka na jua, moyo wangu ukakataa kumgusa hata mmoja. Macho yakatua kwa Rahma, maana sisi wa kujitolea nasi tumo orodhani. Wallahi nilitabasamu. Nikamtilia tiki, saa ya maziko nikaandika "leo baada ya sala ya alasiri", nikabonyeza, na simu yangu mkobani ikalia.

"Innaa lillahi wainnaa ilayhi raajiuun. Jumuiya inasikitika kuwatangazia kifo cha mwanachama mwenzetu Rahma. Maziko leo baada ya sala ya alasiri, nyumbani kwao Jang'ombe."

Nilicheka. Nilidhani imekuja kwangu tu. Kisha nikatazama juu ya kioo, hakuna manjano, kweupe pepepe, na chini yake kumeandikwa: Imetumwa kwa wanachama wote.

Nikaiondoa ile tiki haraka, kama kwamba ukimwondolea mtu tiki na watu watasahau. Simu ikaita, Bi Mwanajuma wa Jambiani, mama wa kundi zima la kule.

"Bi Mwanajuma, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu, marahaba, ah, Rahma wetu! Juzi tu kanishika kidole ananifundisha kubonyeza simu! Wewe uko naye hapo?"

"Bi Mwanajuma, sikiliza..."

"Usilie, mwanangu, usilie, sisi tunatafuta gari, tunakuja." Akakata.

Hapo ndipo ningesema. Ningempigia tena nikasema, "Nimekosea." Lakini nikikiri Maalim atajua nimeingia kwenye programu ya kweli, na nafasi imekwenda, na atakaeichukua ni nani? Basi nikakaa na ile kompyuta karibu saa nzima natafuta pa kutuma tangazo la pili lisilokuwa na jina langu, sikupaona (hilo somo Rahma alilielewa, mie nilikuwa kwenye urojo), Rahma nampigia simu haipokewi kwa sababu yeye akisoma huizima, na tangazo halikumfikia, maana programu haimpelekei ujumbe marehemu. Kisiwa kizima kina habari za kifo chake isipokuwa yeye. Nikashuka zile ngazi mbio, nikaelekea Jang'ombe kwa miguu na kiatu kimoja kimekatika ukanda.

Nilipofika nikaona habari ishanitangulia, majirani wameshatoa mabenchi. Jeneza la msikitini limeegemezwa ukutani. Wanaume wamekaa barazani kimya, kina mama wamejitanda kanga kwenye kivuli upande wa pili, na mlango wa kina Rahma umefungwa kwa ndani, wengine wanasema labda maiti anakoshwa, wengine wanasema bado hajatoka hospitali, na hakuna aliegonga kwa heshima ya msiba. Nami nnajua Rahma yuko chumba cha nyuma, kavaa vile vispika vya masikioni, anasikiliza masomo.

Ningegonga. Nilinyanyua mkono kabisa. Lakini mama mmoja akanivuta, "Huyu ndie rafiki yake, jamani, mpisheni," nikakalishwa katikati, nikapewa maji, nikapewa mkono wa pole, na kila mmoja akawa anataja wema wa Rahma. Huyu alimwandikia barua ya hospitali, yule alimlelea mtoto, mwingine anasema hajamsikia akinyanyua sauti hata siku moja. Nikatazama watu wale wote, na wengine bado wanaingia kichochoroni, na nyinyi rafiki zangu nisameheni, nikaona wivu. Nikajiuliza, mie nikifa watakuja wangapi? Huyu hata kwa kufa kanishinda, na mwenyewe hajafa! Kisha nikaanza kulia kweli, kwa sababu yote waliyosema yalikuwa kweli na mie nilikuwa nayajua kabla yao.

Maalim Suleiman akaja, kanzu nyeupe, macho mekundu. Akainama kwangu.

"Zuhura, hata sikungoja kesho, leo asubuhi nilishaamua. Nafasi nilitaka kumpa yeye. Mwenyezi Mungu kataka vingine. Sasa ni yako, mwanangu. Kaifanye kwa jina lake."

Yaani kitu nilichokiomba miezi yote kimewekwa mkononi mwangu, hapo, mbele ya jeneza tupu. Na mtanicheka, lakini kwa muda wa pumzi moja, moja tu, nilikiona kile kitambulisho shingoni.

Kisha nikamwona Bi Asha, mama yake Rahma.

Alikuwa anatokea mwisho wa kichochoro, katoka Darajani, kikapu cha samaki mkononi (simu yake huiacha nyumbani, anasema inamwelemea). Alikuwa anakuja taratibu, akaona mabenchi, akapunguza mwendo. Akaona watu wako mlangoni kwake. Akaona jeneza. Nikaona midomo yake inatafuta jina, na ndani ya nyumba ile alikuwa na mtu mmoja tu. Pale ndipo nilipojua siwezi kumwacha mama yule apige hatua ya pili.

"Mzima!" nilipiga ukelele, nimesimama juu ya benchi, kiatu kimoja. "Bi Asha, Rahma mzima! Hajafa! Mie ndie niliemuua! Nimemuua kwenye kompyuta!"

Vichwa vyote vikanigeukia. Hata vya kuku. Mzee mmoja akauliza polepole, "Kamuua kwa kitu gani?"

Na mlango ukafunguka. Rahma katoka na kanga ya ndani, vile vispika vinaning'inia shingoni, kalamu ya kijani sikioni, akatutazama sote, akalitazama jeneza.

"Jamani," akasema, "kafa nani?"

Mimi sitaeleza mayowe yale. Wapo waliokimbia, wapo waliosoma aya ya kursi, Bi Asha alidondosha samaki akamkumbatia mwanawe akawa anampapasa uso kama anatafuta mbegu ndani ya chungwa. Maalim akaketi chini akashika kichwa. Mie nikaeleza yote mbele ya kadamnasi, tiki, paswedi, wivu, yote, na bado sijamaliza ikaingia gari ya shamba na kina mama wa Jambiani, wanalia, wamepakia gunia la mchele na nazi. Rahma akaenda kuwapokea yeye mwenyewe. Bi Mwanajuma akamshika mashavu, akamfinya, akamfinya tena.

"Unaumia?"

"Naumia, Bi Mwanajuma."

"Basi ni mtu huyu." Akanigeukia mie. "Na wewe, mchele huu haurudi Jambiani. Utaupika."

Nikaupika. Ikawa shukurani badala ya msiba, wale walioleta jeneza wakala mpaka ukoko, na mimi natokwa machozi kwa moshi jikoni nasikia huko nje nakuwa hadithi. Rahma akaja akakaa kwenye kigoda karibu yangu, akanisogezea kuni motoni, nami nikaona bora anipige.

"Paswedi tu, Zuhura? Ungeniuliza."

"Nilikuwa nakuonea wivu."

"Ungejaribu jina lako," akasema. "Nilitia jina lako, ili usiisahau."

Nilikuna nazi ambayo ilikuwa imeshakunwa.

Nafasi alipewa Rahma, kwa haki, na Maalim hakunisomea khutba, alinipa tu orodha ya wanachama na simu, niwapigie mmoja mmoja niwaambie Rahma yuko hai. Siku nne nilipiga simu. Bi Kazija wa Kiwengwa akanisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza, "Na huyo mshenzi aliemzushia mwenziwe kifo, wamemfanya nini?" Nikasema, "Ndie anaekupigia, Bi Kazija." Akasema, "Basi andika na nambari yangu mpya, maana hiyo ni ya mwanangu." Nambari mbovu nilizozipata siku hizo nne zilijaza kurasa sita, nikazisahihisha zote, na kabla ya kusahihisha kila moja nilitazama kwanza juu ya kioo.

Rahma alifaulu. Cheti chake kiko ukutani ofisini, kwenye fremu, na programu yetu sasa ukimtilia mtu tiki ya kufariki inakuuliza kwanza, "Umehakikisha?" kisha inamngoja mtu wa pili akubali. Wageni wakiuliza kwa nini, Rahma hutazama dari, na mie huenda kuchemsha chai. Nasoma ili nifanye mtihani huo nafasi nyingine itakapopatikana, na nimeapa, kwa mkono uleule uliobonyeza, kwamba wivu sitaukalia tena kimya. Ukinipanda, nakwenda kwa mwenyewe namwambia usoni, "Rahma, leo nakuonea wivu." Naye hata hanyanyui macho kwenye daftari lake la rangi nne.

"Nizike basi," ananiambia, "kisha nipigie simu unijulishe."