Niliandika referee watatu kwa CV, hakuna hata mmoja aliyenijua

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlioamka mkienda kazini na mlioamka mkiitafuta.

Wiki hii nimeona vijana humu jukwaani wakiombana template za CV kama majirani wanaoombana kiberiti. Sikuwa na nia ya kuandika, lakini imenikumbusha jambo ambalo sijawahi kulisimulia nje ya nyumba yangu.

Ni la kweli lote. Hata pale ninapoonekana mjinga nimepaacha hivyo hivyo.

Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni, Kitale.

Nilikuwa nimetoka kwenye shamba moja kubwa la mahindi upande wa Kiminini. Miaka sita nilikuwa mtu wa mizani. Mahindi yakiingia stoo napima, nakagua kama yamekauka, napanga magunia. Halafu tajiri akauza shamba, likakatwa vipande vipande, nasi tukaambiwa kwaheri. Hakuna barua, hakuna cheti. Kibarua wa siku hizo hakupewa karatasi.

Nikapanga chumba Kitale mjini. Wazazi walikuwa wametangulia, na dada yangu wa pekee alikuwa ameolewa Malakisi, ana watoto na shida zake.

Wakuu, upweke nimeuona. Kuna wiki nzima ilipita bila mtu kuniita kwa jina. Wapangaji wenzangu waliniita "yule wa mlango wa mwisho". Nilikuwa nanunua nyanya moja asubuhi na moja jioni badala ya kununua mbili mara moja, ili mama wa nyanya anisalimie mara mbili kwa siku.

Chekeni tu, hata mimi siku hizi nacheka.

Basi siku moja nikaona tangazo kwenye gazeti la kinyozi. Kampuni moja ya kununua nafaka huko Bungoma inatafuta karani wa stoo. Nikasema hii ni yangu. Nikiikosa, ingebidi niende kulala sebuleni kwa shemeji yangu, mtu mzima wa miaka thelathini.

Walitaka CV na referee watatu, yaani watu wa kushuhudia kwamba wananijua. Sikujua CV ni mnyama gani.

Kwa nyinyi wadogo: wakati huo hakukuwa na cyber. Ulienda kwa mtu wa taipu. Wetu alikuwa Mzee Hamisi, aliyeketi na mashine yake kwenye veranda karibu na msikiti. Mtu mpole sana, vidole vyepesi. Alikuwa na karatasi moja ya mfano, na kila mteja aliingizwa humo humo. Jina lilibadilika, shule ikabadilika, lakini hobbies zetu sote zilikuwa kusoma novels, kusafiri na kutafuta marafiki.

Mimi, kutafuta marafiki!

Nilipomwambia habari ya mizani akaniuliza kama nina barua ya tajiri. Nikasema sina. Akasema basi tuiache, kibarua hakiandikwi kwenye CV, kitanishusha hadhi. Miaka sita ikatoka hivyo. Pale pakabaki peupe, kama mtu aliyekuwa hospitali au jela.

Kuhusu referee, alisema weka watu wakubwa. Hivyo ndivyo kila mtu alivyofanya, mkubwa akionekana kwenye karatasi yako na wewe unakuwa mkubwa kidogo. Nikaweka headmaster wangu wa sekondari, chifu wa kwetu, na pasta aliyenibatiza. Sikumwomba hata mmoja ruhusa. Nilikuwa sijazungumza nao zaidi ya miaka kumi.

Jibu lilikuwa lije kupitia sanduku la posta la Mzee Hamisi. Kila siku nilipita kuuliza. Alinijibu "bado, mwanangu", na siku nyingi hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu yote.

Wiki ya nne ikaja bahasha. Interview, Bungoma.

Nikapiga pasi shati kwa makaa, nikafika mapema kuliko mlinzi. Aliyenihoji alikuwa mama mmoja wa makamo, wote walimwita Madam. Alianza kwa Kiingereza, akaona ninavyotoka jasho, akahamia Kiswahili.

Alikuwa amewaandikia referee wangu wote watatu. Sikujua kama watu huandikiwa kweli.

Chifu hakujibu. Barua ya pasta ilirudi, alishahamishwa. Headmaster alijibu, na Madam akanigeuzia karatasi nisome mwenyewe. Ilikuwa sentensi moja kwa Kiingereza, kwamba jina hilo halikumbuki.

Sikumlaumu. Amefundisha mamia ya watoto, na mimi nilikuwa yule wa katikati ya darasa asiyesumbua na asiyeng'aa. Lakini kuliona neno hilo limeandikwa na kupigwa muhuri wa shule kuliniuma mahali ambapo sikujua pana uchungu.

Madam hakucheka. Aliuliza taratibu tu.

"Sasa hakuna mtu anakujua?"

Wakuu, nilitafuta kichwani nyumba kwa nyumba, na nikaona aibu zaidi kwa kukosa mtu kuliko kwa kukosa kazi.

Akaweka kidole pale peupe kwenye CV. Akauliza miaka hii sita nilikuwa wapi. Kwa kuwa sikuwa na cha kupoteza nikamweleza habari ya shamba na mizani. Akauliza ninajuaje mahindi yamekauka, maana pale hawakuwa na mashine ya kutosha. Nikamwambia natia mahindi kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, natikisa. Chumvi ikishika kwenye chupa, mahindi bado yana maji. Ikibaki inateleza, yapimwe yaingie.

Akaweka kalamu chini.

"Na kwa nini hii haiko hapa? Umeniletea hobbies."

Akasema kabla yangu amesoma karatasi saba kutoka Kitale, wote wanapenda kusafiri. Akanipa mpaka Ijumaa. Nilete CV nyingine niliyoandika mwenyewe, na mtu mmoja tu aliyeniona nikifanya kazi.

Jioni hiyo nilinunua fulskap nikaandika kwa mkono. Niliandika nilichofanya: nilipokea, nilipima, nilipanga, niliweka kitabu cha stoo. Niliandika pia kwamba msimu wa pili paa lilivuja na magunia tisa yakaoza, na nikaeleza nilichofanya baada ya hapo ili yasioze tena. Ilitoka ukurasa mmoja. Hobbies nikaacha.

Ilibaki mtu.

Wa pekee niliyejua alikokwenda ni Mama Nekesa, aliyekuwa mpishi wa vibarua pale shambani. Alirudi kwao Naitiri. Kusema kweli hatukuwa na urafiki. Miaka sita sidhani nilimwambia maneno zaidi ya "asante mama".

Njia nzima nilikuwa najiandaa kujieleza mimi ni nani. Nikamkuta anapepeta maharagwe. Akainua kichwa.

"Wafula wa mizani. Umekonda."

Nilisimama pale nimeshika kofia, machozi yanataka kutoka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi mtu kuniita jina langu bila kulisoma mahali.

Nikamweleza. Akasema yeye hajui kuandika. Nikamwambia si neno, nitaandika mimi, yeye aweke kidole gumba. Akakataa.

"Kidole hakiongei. Nitakuja mwenyewe."

Ijumaa akaja Bungoma, amevaa kitambaa cha kanisa na viatu ambavyo vilionekana vinambana. Tulikaa kwenye benchi kuanzia saa mbili mpaka karibu saa tano. Tulipoitwa, Madam alishangaa kidogo, nadhani alitegemea barua. Akasoma kwanza fulskap yangu mpaka mwisho. Kisha akamuuliza Mama Nekesa ananijua vipi.

Haya ndiyo aliyosema, na sijayasahau.

"Huyu hata hakuwa anajua kama namwona. Miaka sita alikuwa anakula peke yake hapo kwa mizani. Siku paa ilivuja alivua koti yake akafunika gunia, na hiyo mvua ikamnyeshea yeye. Kama munataka mtu wa maneno mingi, si huyu. Lakini stoo, mpatie."

Madam akaniambia nianze Jumatatu.

Hapo ndipo watu hupiga kelele za furaha. Mimi nilikuwa nawaza jambo moja tu: kwamba miaka yote ile niliyodhani hakuna anayeniona, kulikuwa na mtu kwenye dirisha la jikoni.

Tukatoka. Nikamuuliza kwa nini amejisumbua hivyo kwa mtu ambaye hakuwahi hata kumuuliza habari za nyumbani. Akasema jikoni kwake walikula watu arobaini, na ni mmoja tu aliyekuwa akirudisha sahani ikiwa imeoshwa.

Vijana, sasa funzo, na mnisamehe kama ni la kizee.

Andika kazi uliyoifanya kweli, hata kama ilikuwa ya kibarua, na useme uliifanya vipi. Kosa ulilorekebisha pia ni kazi. Template ya mwenzako ina maisha ya mwenzako. Na referee si lazima awe mkubwa, awe aliyekuona ukitoa jasho. Mwombe kwanza, usifanye kama nilivyofanya.

Lile la hobbies, mtaamua wenyewe.

Mama Nekesa ameshafariki. Nilikuwa naenda Naitiri kila mwezi kumwona, na nilimsomesha binti yake, Nekesa, hadi alipomaliza kidato cha nne. Siku ya mazishi waliuliza mimi ni nani kwa marehemu. Nekesa ndiye aliyewajibu, "Huyu ni wetu."

Nafasi ni yenu, wakuu. Leo ukiambiwa ulete ofisini mtu mmoja tu anayekujua, utaenda kugonga mlango wa nani? Na je, umemsalimia mwaka huu?