Kigelegele cha Wifi Grażyna

Wifi yangu Grażyna ni Mpolandi, na kama unadhani nilimpokea kwa mikono miwili, hunijui. Kaka yangu Clement alipomleta kwangu Hallonbergen, hapa Uswidi, mara ya kwanza, nilimtengea senene, wale panzi wa kukaanga, niliotumiwa kutoka Bukoba, nimwone atakavyokimbia. Akachukua mmoja, akatafuna, kisha akachota kiganja kizima. Nikamsogezea sahani nzima, na mimi si mtu wa kugawa senene.

Kazi ya ujana wake ilinichukua muda kuielewa. Alikuwa mchezaji wa kitara, mchezo wa kupigana kwa panga nyembamba. Watu wawili wanavaa nyeupe, nyuso zimefichwa na barakoa za wavu, wanakimbiliana kwenye njia nyembamba na kucharazana kwa vyuma, na watu wazima wamekaa wanatazama. Alianza kwa kuwafuata kaka zake mazoezini, akawapita. Wanawake walipoanza kuruhusiwa kushindana kimataifa kwa kitara, yeye alikuwa kati ya wa kwanza kuvaa rangi za Poland. Akazunguka: Budapest, Havana, Seoul. Akarudi na medali, lakini zote za timu. Ya kwake peke yake hakuwahi kuipata. Alikuwa akifika nane bora, pale ambapo ukishinda pambano moja tu medali ni yako, na hapo hapo ndipo anapoteleza.

"Ni kelele, wifi," aliniambia siku moja tukimenya ndizi jikoni kwangu. "Mkigusana kwa pamoja, mwamuzi ndiye anasema nani alianza kushambulia, na huyo ndiye anapewa pointi. Basi kila mtu anapiga ukelele, kana kwamba pointi ni yake. Mimi siwezi. Kocha wangu alisema mwenye kitara haombi."

"Clement ukimfokea huwa unaweza," nikamjibu. "Mtaa mzima wa Akalla unasikia."

Akacheka, lakini macho yake hayakucheka. Ndipo akaniambia kwamba mwaka huu mashindano ya wakongwe wa nchi mbalimbali yanafanyika hapa hapa Stockholm, na kwamba goti lake limekwisha. Haya ndiyo ya mwisho. Anataka medali moja, yake. Na kitu kingine: miaka yote ile hakuwahi kuwa na mtu wa kwake jukwaani. Wazazi wake walikuwa na shamba, na ng'ombe hawaachwi.

Huruma ilinishika, sifichi. Nikaomba ruhusa kazini, maana napika shuleni, nikavaa kitenge changu kizuri, nikaenda.

Nilikaa juu na Filip, mtoto wa wifi na Clement, injinia wa Kista anayejibu Kiswahili chetu kwa Kiswidi. Clement alikuwa chini, amebeba vitara vya akiba na chupa ya maji. Asubuhi wifi alishinda vizuri, lakini mimi nilifika mchana, na nikakuta ndiyo kwanza anaingia kwenye pambano lenyewe, lile la nane bora. Mpinzani wake alikuwa Mwitaliano mwenye sauti ya king'ora.

Sasa, kwetu harusini wifi ndiye mwenye kigelegele. Nisipopiga mimi, apige nani? Wakaanza. Chuma kikalia, taa ikawaka upande wa yule Mwitaliano. Nikajiambia, huyo ndiye aliyepigwa, taa imemuumbua! Nikapiga kigelegele, ukumbi mzima ukageuka. Taa ikawaka tena upande ule ule. Nikapiga kingine. Ilipowaka upande wa wifi nikashika kichwa: "Maskini, amechapwa!" Kisha ikarudi kwa Mwitaliano, mimi na vigelegele vyangu, mpaka mwamuzi akaninyooshea kidole.

"Faster, tyst!" Filip alinivuta kitenge. Shangazi, nyamaza. "Taa ni ya anayepiga! Mamma anafungwa tano kwa moja!"

Nilitamani sakafu inimeze. Ilikuwa mapumziko ya dakika moja, na wifi alikuwa amevua barakoa, ananitazama. Nikajua leo nimevunja undugu. Kumbe anacheka! Mabega yanatikisika, machozi yanamtoka, Clement naye ameinama ameshika tumbo. Nilikuwa nimemshangilia adui kila alipompiga mke wa kaka yangu.

Aliporudi kwenye njia hakuwa yule wa mwanzo. Alicheza kama binti anayewakimbiza kaka zake. Mbili, nne, saba. Mimi nimeziba mdomo kwa kitenge. Wakafika tisa kwa tisa, na anayetangulia kumi ndiye mshindi. Wakarukiana. Taa zote mbili zikawaka.

Mwitaliano akapiga ukelele wake, mikono juu. Na ndani ya barakoa ya wifi yangu, mwanamke asiyeomba, kikatoka kigelegele. Kibaya! Kimepinda, kinakwama njiani kama birika bovu. Lakini kigelegele.

Mwamuzi alimkodolea macho. Akamwita mwenzake wakatazama video, wakairudia, mimi nimemfinya Filip mkono hadi akalalamika. Kisha akanyoosha mkono upande wa wifi. Shambulio lilikuwa lake.

Nilishuka ngazi sijui vipi. "Umeona?" nikampigia kelele huku nimemkumbatia na jasho lake lote. "Ungeanza zamani kupiga kelele, kabati lingejaa!"

"Kelele gani, wifi? Nilijua amenimaliza." Alikuwa anahema. "Niliona taa yake imewaka. Nikasema basi, nami nimpigie kigelegele, kama anavyofanya wifi yangu."

Nikacheka mpaka Clement akanishika nisianguke, halafu nikalia.

Nusu fainali alichapwa vibaya, hakujali. Medali ya shaba ilikuwa yake tayari. Jioni wakaita jina lake, watu wakapiga makofi ya kistaarabu. Mimi nilisimama, nikamwangalia vizuri kwanza, nikamuuliza Filip kama kweli ni mama yake, ndipo nikapiga kigelegele.