Walishona mukono wa mutoto wangu ku robe

Wakubwa na wenzangu wa ukurasa huu wa wasomaji, jambo kwenu wote.

Banamuke hatuandikake sana hapa. Leo naandika minyi, Mama Ngoie, na nitasema mambo namna yalivyopita, hata yale yenye kunipatisha haya.

Jana, siku ya jeudi, saa sita ya muchana, nilikuwa napepeta unga mu kiwanja. Binti yangu Ngoie akatoka ku masomo, kidevu kinatoka damu. Nikazani amepigana.

Kumbe mukono wake wa kushoto ulikuwa umeshonwa.

Umeshonwa, ndiyo. Toka bega mpaka kiganja, kitambaa cha mukono kimeunganishwa na ubavu wa robe, gauni yake ya masomo, na mutoto iko ndani. Alivuka njia ya gari ya moshi namna ile, akajikwaa ku chuma, mukono wa kuume umebeba vitabu, hakuwa na mwingine wa kujizuia. Akaanguka na uso.

Na batoto ba soko nyuma yake: "Tazameni kilema mupya!"

Nilichukua wembe, nikafungua. Minyi nilisoma miaka mitatu kwa masœurs, bamasista wa misheni, najua mushono. Ule ulikuwa muzuri. Pointi ndogo-ndogo, sawasawa, na uzi wa rangi ya robe yenyewe. Muntu alikaa pole-pole akauchagua.

Pale njo uvumilivu wangu uliisha.

Niwaeleze. Ngoie iko na miaka kumi na tatu. Iko mwaka wa kwanza mu masomo makubwa ya serikali hapa Kamina, section ya coupe et couture. Batoto banaume wanajifunza menuiserie ya mbao na mécanique ya mashini, banamuke wanajifunza kukata na kushona. Mwenye kumaliza anapata diplôme, anakula jasho lake mwenyewe. Mwenye kushindwa trimestre ya kwanza, ile miezi tatu ya kuanza, anaondoshwa. Liste ya wenye kubaki itabandikwa kesho asubui.

Na mutoto huyu anatumia kushoto tangu anatambaa.

Sasa haya yangu. Kwetu, ukimupa mukubwa kintu na mukono wa kushoto, umemutukana. Basi alipokuwa mudogo niliupaka ule mukono pilipili. Wakati wa kula niliufunga na kitambaa. Akajifunza: anasalimia na kuume, anakula na kuume. Lakini kisu, sindano, kazi yote yenye kuomba akili, inarudi kushoto.

Mbele ya kufika examen, mutihani wa kuingia, mwezi muzima nilimufanyisha mazoezi ya kukata na kuume. Mustari moja tu, kwa sababu nilisikia ni mustari moja wanaomba. Nilimuambia: "Basikuone na ule mwingine."

Akapita. Tukachinja kuku.

Lakini kukata robe nzima si kukata mustari moja. Monitrice Véronique, mwalimu wao wa kushona, alianza kumupiga rula ku vidole, kisha kumufunga kamba. Nikanyamaza. Mama mukwe wangu akasema, "Anafanya vizuri. Mwanamuke wa kushoto, nani atapokea sahani yake?" Nikanyamaza tena. Bwana yangu anafanya kazi ku gari ya moshi, iko Bukama mpaka dimanche, siku ya misa. Nikajificha nyuma ya hiyo: nitamungoja.

Jana sikungoja.

Sikukimbilia masomo. Nilijua jibu lao: makasi haikubali kushoto. Na ni kweli, wenzangu, ukiishika na kushoto inatafuna kitambaa. Basi tulienda kwanza ku soko kwa Papa Rajabu, fundi wa kushona pantalon, suruali za banaume, muislamu wa Maniema. Ule anakata na kushoto, bantu bote banajua.

Nikamuuliza, "Papa, na dini yenu inakubali?"

Akacheka. "Mama Ngoie, kukula ninakulaka na kuume. Lakini hii pantalon, nani ataiuliza nilikata na mukono gani?"

Akamuonyesha mutoto kuvuta kidole gumba ndani ya kiganja, ili makali mbili zikutane. Saa kumi na moja ya jioni, Ngoie alikuwa anakata kola. Mukono umevimba, lakini anakata.

Leo asubui tukaenda ku bureau ya directeur, mukubwa wa masomo. Monitrice alikuwa pale.

"Mama Ngoie, minyi nilimusaidia mutoto wako," akasema. "Inspecteur anakuja kukagua masomo. Akiona mutoto wa kushoto, atasema minyi sijui kufundisha."

"Na kesho utamushona ku meza?"

Nilimuona ni binti tu, iko na woga kama minyi.

Ngoie akakata kola mbele yao, na kushoto. Directeur, muzungu muzee, akaigeuza mara mbili ku mwangaza. "Ni safi," akasema. Roho yangu ikapanda.

Kisha akafungua dossier, karatasi za mutoto. "Lakini ku examen alikata na kuume. Basi kuume anaweza. Ni kiburi. Jina lake haliko ku liste."

Wenzangu, pale ningesema. Neno la yale mazoezi ya mustari moja lilikuwa mu mudomo. Nikaona haya, nikatoka.

Nilichojifunza ni hiki: nilimukasirikia mwenye kumushona, na kamba ya kwanza ilitoka mu nyumba yangu. Mutakaposoma hii, liste itakuwa imebandikwa zamani. Minyi sasa sijui itasema nini. Nyinyi wenye batoto ba kushoto, andikeni hapa: mulifanya namna gani? Hata mwenye kunitukana, aandike.

Barua niliyopeleka mwenyewe ku bureau ya Territoire leo saa tisa, niliyoinakili kabla ya kuifunga, ni hii:

"Kwa Mukubwa wa Territoire, na kwa Inspecteur wa masomo.

Ninaleta mashitaki juu ya masomo ya serikali. Jeudi, monitrice alishona mukono wa mutoto wangu Ngoie ku robe yake, akamuacha arudie nyumbani vile. Mutoto aliumia kidevu. Robe iko pamoja na barua hii. Matundu ya sindano yanaonekana.

Directeur anasema mutoto anaweza kukata na kuume kwa sababu ya examen. Ile examen ilikuwa uongo, na uongo ni wangu. Minyi njo muntu wa kwanza aliyemufunga mukono huu. Mukitaka kuazibu, niazibuni minyi.

Ninaomba akate mbele yenu, na mukono wake, kabla ya jina lake kuondoshwa.

Tuko inje, ku ngazi. Makasi tunayo."