Leso Chini ya Sinki

Mke wangu hakutupa mfuko wa plastiki hata mmoja. Akirudi kutoka Lanham, mji wa hapa Marekani alikokuwa akitunza wazee, aliikunja mifuko ya dukani ikawa pembetatu ndogo kama sambusa, akaisukuma ndani ya mfuko mkubwa chini ya sinki. Mingine ya takataka, mingine ya kubebea chakula, mingine ya kuvalisha viatu wakati wa theluji.

Mimi niliona aibu.

"Watu wa maombi wakifungua hapa watasema tumetoka kijijini jana."

"Kwani wewe Mzee ulizaliwa Maryland?" Akacheka, akaendelea kukunja.

Jumamosi moja kikundi cha maombi kilikuwa kije kwetu. Yeye akiwa kazini, nilichota mifuko ile ya zamani iliyokuwa chini, nikaitupa katika pipa la nje. Ya juu niliiacha ili asigundue.

Miezi michache baadaye binti yetu alijifungua. Kwetu mtoto mchanga hufunikwa kwa leso kuukuu ya ukoo, iliyolainika kwa kufuliwa, na mke wangu alikuwa na ya marehemu mama yake. Alipiga magoti mbele ya sinki, akapekua.

"Niliificha humu, chini kabisa. Nani aje kuiba karatasi za plastiki?"

Nilijua papo hapo. Nikasema, "Labda uliiweka kwingine. Siku hizi unasahau."

 Mtoto alifunikwa blanketi la hospitali. Tangu siku hiyo mke wangu hakujiamini tena. Alirudi kuangalia jiko mara mbili, akaniuliza kama amemeza dawa. Nilimjibu kwa upole, na upole huo ndio unaoniuma zaidi. Alikufa akiamini ni yeye aliyeipoteza.

Juzi binti yetu alikuja kunisaidia kusafisha jikoni.

"Baba, hii mifuko si tuitupe?"

Nikamweleza yote. Alisimama na ile mifuko mkononi.

"Na ukamwacha aamini hivyo?"

"Nilimwacha."

Aliirudisha chini ya sinki, akachukua koti lake, akaondoka. Hajapiga simu.

Maduka ya hapa hayatoi tena mifuko hiyo. Iliyobaki ni ile aliyoikunja yeye. Takataka zimejaa jikoni, nami nimeshika sambusa moja, sijaweza kuikunjua.