Ubeti wa Tatu Uko Wattaya

Juzi nilipeleka gari kwa fundi mtaa wa Wattaya, huku Uarabuni, nikakaa chumba cha kungojea pamoja na bibi mmoja wa Kizanzibari na mjukuu wake. Msichana alikuwa akipekua simuni kazi za mtunzi mmoja wa Australia, marehemu sasa, aliyetunga nyimbo kwa mamia. Kwao wamezihifadhi zote mtandaoni, sauti pamoja na karatasi alizoandika kwa mkono. Akabonyeza wimbo mmoja.

Bibi akamdaka mkono. "We! Huo wimbo wa mama yangu! Akituimbia kwa Kiswahili tulale."

"Bibi, katunga huyu Mzungu. Tazama, mwandiko wake."

Bibi akavaa miwani, akaisogelea simu mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Nikadhani atavunjika moyo.

"Beti ngapi hapo?"

"Mbili."

"Mbili tu? Basi hakumaliza! Mama akiimba tatu. Haya, nirikodi uwapelekee."

Akasimama, akaimba ubeti wa tatu, ule wa baba aliyekwenda Pemba kuchuma karafuu, atakayerudi na halua. Chumba kizima tukapiga makofi. Fundi akatokea na ufunguo, akasema gari la bibi tayari.

"Mwambie angoje," bibi akamwambia mjukuu. "Nnarudia, hapo mwanzo sauti ilinikwama."

Wimbo ni wa nani, hilo nawaachia wanasheria. Watunzaji wa karatasi hizo huko Australia mimi nawaomba kitu kimoja tu: chini ya ile karatasi, acheni nafasi.