Taimingi ya Gari la Baba

Hapa Kigali, mafundi wanaoweza kupanga taimingi ya injini ya zamani, cheche iwake pale inapotakiwa, ni wachache, na mimi ndiye wa kwanza kuhesabiwa. Nilirudi kutoka Tanzania na stashahada ya ufundi magari na begi moja. Leo nina gereji Remera na nyumba Kabeza, na hakuna aliyenishika mkono. Nasema hivyo ieleweke kwamba gari la baba halikunishinda.

Ni lile lile alilotuvusha nalo mpakani Rusumo, tukirudi nchi ambayo sisi watoto wake, tuliozaliwa ukimbizini Tanzania, hatukuwahi kuiona. Siku hizi baba ametusahau. Ananiita bwana. Nilijiambia kwamba akilisikia gari lake, labda atanijua, japo kwa dakika moja.

Nilibadilisha platini na plagi. Nikamulika puli kwa taa ya taimingi, nikazungusha distributa, kigawa-cheche, taratibu mpaka alama ya puli ikakaa pale hasa kitabu kinapotaka. Ungeweza kuweka glasi ya maji juu ya injini isimwagike. Nikamketisha baba kwenye usukani.

Akasikiliza, kichwa ameinamisha.

"Zuri," akasema. "La nani?"

"Lako, baba."

"Langu linatetemeka, bwana. Hili la mtu mwenye pesa."

Hapo nikakumbuka. Kule ukimbizini petroli ilichanganywa na mafuta ya taa, injini ikawa inagonga kila mlima. Baba, kwa sikio tu, akaichelewesha cheche makusudi ili isigonge. Gari lilikohoa njia nzima mpaka Kigali.

Basi nikalegeza nati, nikairudisha distributa nyuma, mbali na alama, kazi ambayo fundi wangu akiifanya namfukuza. Injini ikazubaa. Milango ikaanza kutikisika, ekzosi ikakohoa. Lilikuwa lenyewe kabisa.

Baba akaweka kiganja juu ya dashibodi. Akakiacha pale kwa muda.

"Taimingi imechelewa," akasema kwa upole. "Mwambie mwenye gari atafute fundi."

Nikazima. Nikamshika mkono kumteremsha, akanishukuru, akauliza kama basi la Ngara, kule ukimbizini, limeshaondoka.

Distributa sijairudisha kwenye alama. Kila Jumapili, baada ya misa, namketisha tena humo na kuwasha. Kila mara ananiambia nitafute fundi.